Je, wajua kwa nini ufizi mgonjwa hukatwa ili jino libaki?

Mkazi wa Mtwara ambaye fizi zake zimetoka damu kwa miaka mingi, na sasa meno yake yanalegea, huenda akashangaa kuambiwa kwamba kinachokatwa ni ufizi na kwamba jino halitang'olewa.

Ufizi wenye afya hulikumbatia jino na kuacha mfereji mdogo wenye kina cha milimita 1 hadi 3. Utando wa bakteria usiposafishwa hugeuka ugaga, yaani uchafu mgumu unaoganda kwenye jino. Mwili hupambana nao kwa uvimbe, na uvimbe huo ukidumu huharibu nyuzinyuzi zinazolifunga jino pamoja na mfupa unaolibeba, hata mfereji ukawa mfuko ambao mswaki haufiki chini yake.

Tiba haianzi kwa kisu. Kwanza ugaga hukwanguliwa chini ya ufizi, kisha daktari husubiri miezi 3 hivi na kupima upya. Mifuko mingi hupungua kwa hatua hiyo peke yake. Ile inayobaki na kina cha milimita 6 au zaidi ndiyo inayofikiriwa kupasuliwa, kwa sababu huko chini chombo hufanya kazi gizani na kuacha mabaki. Kisu, basi, hakiondoi ugonjwa. Kinampa daktari nafasi ya kuona. Baada ya sindano ya ganzi, ufizi hukatwa kandokando ya meno na kufunuliwa kama jalada la daftari, mizizi husafishwa, kisha ufizi hurudishwa na kushonwa.

Ugumu wenyewe uko katika kupona. Ngozi ya ufizi hukua upesi, ilhali mfupa huhitaji miezi. Ngozi ikitangulia kuteremka juu ya mzizi, mfupa hukosa mahali pa kurudi. Ndiyo maana katika mashimo fulani ya mfupa huwekwa utando maalumu wa kuizuia ngozi hiyo, wakati mwingine pamoja na chembe za mfupa wa kupandikiza. Mfupa ulioliwa kwa usawa kuzunguka meno yote, hata hivyo, haurudishwi kwa njia hiyo, na ni haki ya mgonjwa kuelezwa hivyo mapema.

Siku ya kwanza mgonjwa hukandwa shavuni kwa barafu iliyofungwa kitambaani, na hujiepusha na chai ya moto na kusukutua kwa nguvu, ili damu iliyoganda isibanduke. Uji uliopoa, viazi vilivyopondwa na samaki laini asiye na miiba vinafaa; korosho, hata msimu ukiwa umepamba moto, zisubiri, kwani vipande vyake vigumu huumiza kidonda na kunasa katika nyuzi. Sehemu iliyoshonwa haipigwi mswaki kwa muda, bali husukutuliwa taratibu kwa dawa ya klorheksidini, ambayo huweza kuyatia meno rangi ya kahawia inayosafishika baadaye. Maji ya chumvi yakiruhusiwa, yawe yaliyochemshwa nyumbani, si ya kuchota baharini Mikindani. Nyuzi za kutolewa huondolewa kati ya siku ya 7 na ya 14.

Sigara huchelewesha kidonda kwa kupunguza damu inayofika kwenye ufizi, na kisukari kisichodhibitiwa hufanya vivyo hivyo kwa njia yake. Hata mambo yakienda vizuri, ufizi hushuka kidogo, meno huonekana marefu na huweza kusisimka kwa maji baridi.

Damu ikitoka, hubanwa kwa dakika 20 kwa shashi safi iliyoloweshwa. Isipokoma, mgonjwa hurudi hospitalini. Kwa anayetoka Liwale au Newala, ni busara kulala karibu na hospitali usiku wa kwanza, na kuuliza kabla ya kupangiwa tarehe kama ataweza kupata nauli ya kurudi kusafishwa kila baada ya miezi 3 hivi, kwa kuwa bila usafi huo mifuko hujirudia.