Kurudia neno lilelile kwenye app sio kosa

Wengi wanaamini maandishi mazuri ya app lazima yabadilishe maneno ili yasichoshe, kama tulivyofundishwa kwenye insha. Hapana jamani, kwenye skrini ni kinyume kabisa. Mtu hasomi app kama hadithi, anatafuta pa kubonyeza tu, sasa ukiandika "Hifadhi" ukurasa huu, mbele ukaweka "Tunza" na kwenye menyu "Weka", yeye anadhani hayo ni mambo matatu tofauti, anasita, anaogopa kupoteza kazi yake. Hata WCAG 2.0, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu pia, kwenye kipengele 3.2.4 unataka vitu vyenye kazi moja vitambulishwe kwa namna moja, na hii inawasaidia sana wasioona maana wao programu inawasomea kitufe kwa jina lake.

Halafu kile kidirisha cha "Una uhakika unataka kughairi oda?" chenye vitufe "Ghairi" na "Sawa", aisee kinatesa watu! Unaghairi nini sasa, oda au swali lenyewe? Weka "Futa oda" na "Bakiza oda", mtu ajue kitakachotokea kabla hajagusa. Na ukishachagua futa, basi iwe futa kwenye swali, kwenye kitufe, mpaka kwenye ujumbe wa mwisho: "Oda imefutwa".