Siku za yoga bila samaki: angalia kilichokaa mahali pake kwenye sahani

Juzi alikuja kliniki dada mmoja wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, umri wake thalathini na kitu, analalamika kizunguzungu. Alikuwa ameanza yoga kule Shela mara tatu kwa wiki, na vile wenzake wengi wa klasi hawali nyama naye akaamua siku za yoga asile kitu chochote kinachotokana na mnyama, si nyama, si samaki, si maziwa, si yai. Nia nzuri kabisa na mimi nilimwambia hivo hivo. Lakini nilipomuuliza siku hizo anakula nini, akanambia asubuhi chai ya rangi na mahamri mawili, mchana viazi vya kukaanga na ukwaju wake, usiku wali na kachumbari, na chai tena. Tukampima kiwango cha damu, yaani hemoglobini, ikatoka 9.6, na mwanamke ambaye hana mimba inatakikana iwe 12 kwenda juu. Sasa mtu wa damu hiyo akiinamisha kichwa chini afu ainuke ghafla, lazima aone dunia yazunguka.

Niseme wazi, hiyo damu haikushuka kwa wiki sita za yoga. Ilikuwa inashuka polepole toka zamani, hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, ila ile daiti ndo ilimalizia.

Mimi ni afisa wa lishe hapa Lamu na haya maswali tunayapata sana siku hizi, hasa kwa vijana wanaofanya kazi kwenye hoteli na nyumba za wageni, wanaona wageni wanakula chakula cha majani matupu na wako wepesi, nao wanataka kujaribu. Neno lenyewe vegani lilianzia Uingereza mwaka 1944, na maana yake ni kuacha kila kitu cha mnyama, hadi asali. Vegani wa siku chache ni yule anayefanya hivo siku mbili tatu kwa wiki, siku zingine anakula samaki wake kama kawaida. Kwa mtu mzima mwenye afya hakuna ubaya wowote, tena kuna faida, anapata ufumwele zaidi, tumbo linafunguka, na kama alikuwa mtu wa nyama nyekundu kila siku basi moyo unapumua.

Na sisi hatuhitaji kuagiza chakula cha kopo kutoka ng'ambo. Kusi likivuma, kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa tisa, bahari ikichafuka na samaki akapanda bei, nyumba ngapi hapa zinapika mbaazi za nazi, kunde, pojo, muhogo, maboga, mchicha, na watu wanashiba wanalala? Hiyo ndo vegani ya siku chache, tumekua nayo bila kuipa jina. Yule dada mamake alikuwa akipika mbaazi kila asubuhi, yeye akabakisha mahamri na mbaazi akaziwacha, na protini na madini yote yalikuwa kwenye mbaazi!

Kwa hivo ukitoa samaki, jiulize nini kimekaa mahali pake. Kikikaa kitu cha jamii ya kunde, yaani mbaazi, maharage, pojo, dengu, njugu, basi uko sawa. Kikikaa wanga mwingine na sukari basi umejipunguzia tu chakula.

Protini yenyewe watu wanaiogopa bure. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, kwa hivo wa kilo 60 ni gramu 48 kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinatoa kama gramu 15. Wali na kunde vinakamilishana, kile ambacho mchele umepungukiwa kunde inacho. Na yoga ya kawaida ya saa moja haitaki protini ya mtu anayenyanyua vyuma.

Damu ndo nataka tukae nayo, manake hapa ndo wanawake wengi wanaumia. Madini ya chuma yaliyo kwenye mimea mwili unayachukua kwa shida kuliko yale ya nyama na samaki, na tabia yetu ya chai inazidisha. Chai, hata ya rangi bila maziwa, ina vitu vinavyoshika chuma tumboni kisitumike. Ukila mbaazi zako na chai juu yake, chuma kingi kinatoka kama kilivyoingia. Sisemi uwache chai, hapa Lamu nani atanisikia, nasema iweke mbali na chakula, ngoja saa moja au mbili. Badala yake weka kitu chenye vitamini C pale pale kwenye sahani, kamulia ndimu kwenye kunde, au kula pera au embe baada ya chakula, pera hasa, lina vitamini C kushinda chungwa mara kadhaa. Ukwaju ni mchungu na watu wanadhani unatosha lakini vitamini C yake ni kidogo sana, unywe kwa raha yake usiutegemee kwa hilo. Na kunde na maharage roweka usiku kucha, umwage yale maji, upike kwa mapya, inasaidia chuma kupatikana na gesi inapungua, na mtu wa yoga anajua kwa nini gesi ni muhimu ipungue.

Kitu cha pili ni vitamini B12. Hii mimea haina, na mwani usikudanganye, B12 yake haitegemeki. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, ni kidogo kweli, na ini linaweka akiba ya miaka, kwa hivo ukiwa vegani wa siku mbili tatu na siku zingine unakula samaki, dagaa, mayai au maziwa, huna haja ya vidonge. Lakini ukisogea ikawa siku zote, saplimenti ya B12 ni lazima, hapo sina mjadala, manake ikipungua inaanza na ganzi miguuni na kusahau sahau, na mishipa ya fahamu ikiharibika si yote inayorudi. Wenye kisukari wanaotumia metformin nisikizeni vizuri, hiyo dawa peke yake inapunguza B12 mwilini ikitumika miaka mingi, kwa hivo ukiiongezea na kuacha samaki mwambie daktari wako kwanza. Usiache dawa.

Mifupa nayo. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza unaitwa EPIC-Oxford, watu karibu 55,000, matokeo ya mifupa yalitoka 2020, ikaonekana vegani kamili walivunjika mifupa asilimia 43 zaidi kuliko wala nyama. Walikuwa wembamba zaidi, na kalsiamu na protini zao zilikuwa chini, lakini hata hayo yakihesabiwa tofauti haikuisha yote. Hao ni wa kila siku, si wa siku mbili, ila inatuonyesha pa kuangalia. Simsim ya Mpeketoni ikiwa nzima na maganda yake ina kalsiamu nyingi, isage utie kwenye mboga au uji, na uji wenyewe uwe wa wimbi. Sukuma wiki inatoa kalsiamu vizuri. Mchicha ni mzuri kwa mengine lakini kalsiamu yake imefungwa, mwili hauipati sana.

Halafu nazi. Naijua kuwa ndo roho ya chakula chetu na sitaki mtu anisome vibaya, lakini mafuta ya nazi karibu asilimia 90 ni ya aina ile inayopandisha kolestro mbaya, kwa hivo mtu ambaye ameacha nyama kwa ajili ya moyo afu kila chungu anakitia kasimile, lile tui zito la kwanza, hajafika mbali. Tumia tui jepesi, kasimile libaki la siku ya wageni.

Kwa upande wa yoga, mlo kamili uwe saa mbili au tatu kabla, usije umeshiba wali ukapindwa tumbo. Klasi ya alfajiri, kunywa maji na tende mbili au kipande cha ndizi, ule vizuri ukirudi. Joto la hapa linakausha watu bila wao kujua, haswa kaskazi. Mwenye presha ya macho asikae mikao ya kichwa chini. Mwenye kisukari anayejidunga insulini asifanye na tumbo tupu. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo hawa wasijaribu kuacha samaki na maziwa bila kuzungumza na sisi.

Wengine wanauliza mambo ya dini, kama yoga ni ibada ya watu wengine. Hilo muulize ustadhi wako, mimi nazungumzia kunyoosha viungo na kupumua, na kupunguza samaki siku mbili si kuharamisha kilicho halali.

Yule dada tulimpa vidonge vya chuma, hakuacha yoga, aliipunguza ikawa mara moja kwa wiki hadi damu ipande, na siku hiyo mbaazi zimerudi. Nawe ukitaka kuanza, kuja upimwe damu kwanza, na uje umeandika ulichokula siku tatu. Usiipambe hiyo orodha, hata soda na vile viazi vya njiani viandike, manake tukiona chakula chenyewe ndo tutakwambia cha kuongeza.