Makampuni yakigombania hataza, saa yako ndo inapunguzwa uwezo

Kuna watu wametumiwa Apple Watch na ndugu zao toka Marekani, wanafungua sehemu ya kupima oksijeni kwenye damu wanaambiwa haipatikani, wakati mwenzake kanunua modeli hiyohiyo Dubai na inapima vizuri tu. Usiende kugombana na fundi jamani, hiyo ni kesi ya hataza, ile wengi tunaita patenti, yaani haki ya mgunduzi kuzuia wengine wasitumie ugunduzi wake bila ruhusa.

Kampuni inaitwa Masimo, wako California, wanatengeneza mashine za kupima oksijeni za hospitali, wakalalamika kwamba Apple inatumia teknolojia yao bila ruhusa. Oktoba 2023 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikawapa ushindi na kuzuia saa zenye kipimo hicho zisiingizwe nchini humo, Desemba Apple ikasimamisha kuuza Series 9 na Ultra 2, halafu Januari 2024 zikarudi dukani ila kipimo kimezimwa. Yaani vile vitaa na sensa vimo ndani na umevilipia, lakini programu imefungwa!

Sasa kwanini ya Dubai inafanya kazi? Kwasababu hataza ina nguvu kwenye nchi iliposajiliwa tu, ya Marekani haimgusi mtu Dubai wala Dar, mwenye ugunduzi akitaka kulindwa huku kwetu lazima asajili BRELA kwa Tanzania au KIPI kwa Kenya, au apitie ARIPO, shirika la nchi za Afrika la kusajili hataza, kule Harare. Ulinzi wenyewe kwa kawaida ni miaka 20 na mimi naukubali kabisa, mtu katumia hela na akili zake kugundua kitu alipwe. Ila mlaji hana kiti kwenye hizi kesi, na hapo ndo panaponiuma.

Maana saa angalau zilizouzwa kabla ya zuio hazikuguswa. Mwaka 2022 Google walishindwa na Sonos, kampuni ya spika, kwenye kesi ya hataza kwenye tume hiyohiyo wakaondoa uwezo wa kupandisha sauti ya spika zote kwa pamoja, na waliopunguziwa ni watu walioshanunua, spika ziko sebuleni tayari, apdeti inakuja tu inanyofoa kitu. Na Ujerumani mwaka huohuo Oppo waliacha kuuza simu baada ya kushindwa na Nokia mahakamani, wakaja kuelewana Januari 2024.

Kwa mwenye saa ya Marekani, nenda Settings, General, About uangalie namba ya modeli, ikiishia na LW/A ujue ndo zile zilizozimwa. Agosti 2025 Apple walileta njia nyingine, saa inachukua vipimo halafu hesabu inafanyika kwenye iPhone na majibu unayaona kwenye app ya Health, kwahiyo apdeti simu na saa vyote viwili. Kama ndo unataka kununua ya mtumba, muombe muuzaji picha ya hiyo namba kabla hujamtumia hela.