Ukipunguza chumvi, mishipa hujibana?

Dhana: "Ukiacha chumvi, mwili unatoa homoni za kubana mishipa, presha inarudi palepale. Kazi bure."

Hii husemwa hata na waliosoma, tena inadanganya vizuri kwa sababu nusu yake ni kweli. Chumvi ikipungua, figo huongeza renini, kimeng'enya kinachoanzisha mlolongo wa homoni, na mwisho wa mlolongo huo ni anjiotensini ya pili, homoni inayobana mishipa ya damu kwelikweli. Lakini homoni hiyo ikijaa kwenye damu, misuli ya kuta za mishipa hupunguza vipokezi vyake, yaani sehemu zinazoipokea, na vinavyobaki vingi vimeshakaliwa. Ni kama kondakta anayepiga kelele kituoni kutwa nzima: muuza karanga wa pale hageuzi hata shingo. Mtu aliyekula chumvi kidogo kwa siku kadhaa akidungwa anjiotensini, presha yake haipandi sana kama ya aliyeshiba chumvi.

Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, hufanya kinyume. Zenyewe husikia zaidi, zikatoa homoni ya aldosteroni ili chumvi isipotelee kwenye mkojo.

Watazame Wayanomami wa msitu wa Amazon, ambao kwa jadi hawatii chumvi kwenye chakula. Renini na aldosteroni zao ziko juu sana, ila INTERSALT, utafiti wa kimataifa kuhusu chumvi na presha, uliochapishwa mwaka 1988 ulikuta wastani wa presha yao ni kama 95 kwa 61.

Dhana: "Nameza dawa, chumvi hainihusu."

Dawa za presha kama enalapril na losartan hufanya kazi kwenye mlolongo huohuo. Ukila chumvi nyingi renini hulala, dawa ikakosa cha kuzuia. Kinyume chake nacho kina tahadhari: anayetumia dawa hizi pamoja na za kukojosha, akiharisha au kutapika, presha inaweza kushuka hadi akaona kizunguzungu. Amwone daktari. Amuulize pia kabla ya kununua chumvi mbadala yenye potasiamu, maana potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Dhana: "Chumvi ya mawe haina shida."

Ni sodiamu ileile, iwe nyeupe au ya waridi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai. Humo hesabu mkate wa asubuhi, kidonge cha kiungo kilichosagwa kwenye mchuzi, na ile chumvi ya kunyunyizia chipsi kabla hujazionja.