Bustani ya Manispaa na Ruzuku ya Serikali: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyo Kwenye Makaratasi

Kijiweni pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, kahawa haijapoa, mtu ameshatoa hukumu: "Hela ya bustani ilikuja, wameila." Hakuna anayeuliza ilikuja lini, kutoka wapi, kwa kasma ipi, yaani kifungu kipi cha bajeti. Vichwa vinatikiswa, kashata inazunguka, shauri limekwisha. Mimi nilifanya kazi ya mipango kwenye halmashauri kadhaa kabla ya kustaafu na kurudi Kigoma, kwa hiyo maneno hayo nimeyasikia nikiwa upande wa pili wa meza. Sisemi kwamba fedha haziliwi. Ila nyingi ya zile zinazodaiwa kuliwa hazikuwahi hata kubandikwa jikoni.

"Bajeti imepita, hela ipo"

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, hata wasomi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Bunge linapopitisha bajeti mwezi Juni, linachotoa ni ruhusa ya kutumia. Noti zenyewe Hazina huziachia kidogokidogo kadiri makusanyo yanavyoingia, na kwenye foleni hiyo kuna mishahara, deni la taifa, dawa na madarasa. Bustani ya kupumzikia, hata ukiipenda vipi, haisimami mbele ya wodi ya wazazi. Ndiyo maana mradi unaweza kuonekana kwenye kitabu cha bajeti tangu Julai hadi Juni na akaunti yake ikasomeka sifuri.

Kuna balaa jingine ambalo kijiweni halisemwi: fedha kufika kwa kuchelewa. Ikiingia Mei, una wiki chache za kutangaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kumpata mkandarasi, kusaini mkataba na kuanza kazi kabla mwaka haujafungwa. Halmashauri yenye michoro na makadirio ya gharama mezani inawahi. Ile inayoanza kumtafuta mhandisi baada ya fedha kuingia huishia kuandika barua ndefu za kueleza kwa nini imebaki na bakaa, yaani fedha ambayo haikutumika.

Ukitaka kujua, usiulize "imepitishwa?" Uliza "imepokelewa shilingi ngapi, na imetumika ngapi?" Taarifa za robo mwaka husomwa kwenye Baraza la Madiwani na mwananchi anaruhusiwa kwenda kusikiliza. Ukumbi una viti vya wageni. Nimevikuta vitupu mara nyingi mno.

"Mbunge ndiye analeta"

Mbunge ana nafasi yake. Anasemea, anafuatilia, anagonga milango Dodoma. Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao yeye ni mwenyekiti wa kamati yake. Lakini mfuko huo ni wa kusukuma vitu vidogo, mabati hapa, saruji pale. Ruzuku ya maendeleo ina njia yake: mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, wakuu wa idara, kamati za Baraza, Baraza lenyewe, kikao cha ushauri cha mkoa, TAMISEMI inayosimamia serikali za mitaa, Hazina, halafu Bunge. Wazo ambalo halikuandikwa kule mwanzo, huku mbele halina mahali pa kuingilia.

Nakumbuka mkutano mmoja wa mtaa wa kupanga vipaumbele. Watu kama arobaini chini ya mti, mtendaji na daftari lake. Choo cha shule, kikaandikwa. Daraja la miguu, likaandikwa. Bibi mmoja akanyoosha mkono: "Na sisi tupate pahala pa kukaa na wajukuu, penye kivuli." Watu wakacheka. Mtendaji naye akacheka, kalamu haikugusa karatasi. Miaka miwili baadaye watu walewale wanauliza kwa nini manispaa haiwajali watoto wao.

"Tunakatwa kwenye LUKU kila mwezi, hela hiyo iko wapi?"

Swali zuri, ila linapelekwa mlango usio wake. Kodi ya majengo iliondolewa mikononi mwa halmashauri ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 inakatwa unaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 katika mwaka wa fedha 2023/24. Fedha hiyo inakwenda mfuko mkuu wa serikali, na halmashauri hurudishiwa sehemu tu. Kinachobaki kwa manispaa ni ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma, maegesho na mengineyo, na hapo tayari asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ndipo unapoelewa kwa nini mji unanyoosha mkono serikali kuu kwa ajili ya bembea na mabenchi.

Na hapo utamsikia mwingine anasema miradi mikubwa ya miji ni "msaada wa wazungu". Hapana. Mradi wa TACTIC, unaohusu miji 45 ikiwemo Kigoma-Ujiji na Tabora, ni mkopo wa Benki ya Dunia. Ule uliotangulia, wa miji ya kimkakati, ambao Kigoma-Ujiji ilikuwamo, nao ulibeba mkopo ndani yake. Ukishafika manispaa unaitwa ruzuku kwa sababu manispaa haiurudishi. Taifa ndilo linalorudisha, maana yake ni wewe, mimi na yule anayenunua vocha ya mia tano.

"Andika andiko zuri tu, watakupa"

Mpwa wangu anaishi Marekani, ananitumia picha za bustani na kuniuliza kwa nini sisi hatuombi. Kule kweli yapo madirisha ya namna hiyo. Jimbo la California, kwa mfano, mwaka 2018 wapiga kura waliidhinisha dola bilioni 4.1 za hatifungani, yaani fedha za kukopa, kwa ajili ya bustani, maji na mazingira, na miji ikashindanishwa kwa alama: nani ana watu wengi wasio na pa kupumzikia, nani kawashirikisha wakazi kuchora.

Kwetu, katika miaka yangu yote kazini, sikuwahi kuona dirisha la serikali la bustani peke yake. Kilicho karibu ni utaratibu wa miradi ya kimkakati ambao Hazina iliuanzisha, halmashauri zikaandika maandiko kweli, na wakaguzi wakayasoma mstari kwa mstari. Lakini kipimo chake kikuu ni kuiongezea halmashauri mapato. Stendi inapita, soko linapita. Bustani ya bure inaulizwa: italipa nini?

Basi wenzangu hujifunza kuivisha bustani nguo za soko. Wanaweka vibanda kumi na viwili, choo cha kulipia, eneo la harusi, na kona moja ya nyasi ili jina lisipotee. Sipendi. Nimeona mchoro ambao mtoto akitaka kukimbia lazima apite katikati ya meza za chipsi. Lakini siwezi kumlaumu aliyeuchora, maana alijibu swali aliloulizwa.

Njia yenye nafuu ni kuipenyeza bustani ndani ya mradi wa barabara au mfereji. Kigoma ni mji wa milima. Mvua za Novemba mpaka Aprili zinashuka na udongo mwekundu moja kwa moja ziwani. Eneo lenye miti na nyasi pembezoni mwa mfereji linapunguza kasi ya maji na kuushika ule udongo, na mhandisi wa mifereji anaweza kulitetea kwa hesabu zake mwenyewe bila kutamka neno "starehe". Anayesema bustani ni anasa namwomba asimame Mwanga wakati wa mvua kubwa atazame maji yana rangi gani.

"Kiwanja cha wazi hakina mwenyewe"

Hapa ndipo maombi mengi hufia, na hapa naomba nikae kidogo.

Kwenye mchoro wa mipangomiji eneo la wazi lina mpaka, lina ukubwa na lina matumizi yaliyoandikwa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inalitambua. Matumizi hayabadilishwi kwa kikao cha watu watano chini ya mti. Kuna taratibu, na kuna kutangaza ili mwenye pingamizi aseme. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kuligawa wala kuliuza, hata barua yake ikigongwa mihuri mitatu.

Lakini mchoro ni karatasi, na uwanja ni udongo. Eneo likikaa miaka ishirini bila bikoni, yale mawe ya mpaka, kuhuishwa, huwa na historia yake. Kwanza watoto wanacheza mpira. Halafu mtu anamwaga kifusi "kwa muda". Gereji bubu inahamia upande wenye kivuli. Mama lishe anafuata mafundi, maana fundi lazima ale. Mwaka wa sita kuna kibanda cha mabati, mwaka wa kumi kina msingi wa tofali, mwaka wa kumi na tano kuna mtu ana karatasi ya mauziano.

Katika halmashauri moja niliyofanya kazi, mbali na hapa, tulikamilisha kila kitu: michoro, makadirio, muhtasari wa kikao. Mkaguzi wa mradi akaomba kitu kimoja, uthibitisho wa umiliki wa eneo. Tukatoa mchoro. Akasema, mchoro nimeuona, hati iko wapi? Hatukuwa nayo. Mpima alipokwenda kutafuta bikoni nne alizipata mbili, ya tatu ilikuwa ndani ya choo cha mtu, na ya nne hatukuiona kabisa. Tukaanza mazungumzo na watu waliojenga, wengine kwa nia njema kabisa, walinunua kwa jasho lao wakidhani wanauziwa halali. Wakati tunahangaika, mzunguko ule wa fedha ukapita. Kijiweni kwao wakasema tumeila.

Halmashauri inayotaka bustani miaka mitatu ijayo kazi yake leo ni kupima, kuhuisha mipaka na kuchukua hati. Gharama yake haitishi, na haihitaji ruzuku ya mtu.

"Ufukwe upo, jengeni pale"

Kila mgeni anayeshuka Kigoma na kuliona ziwa lazima aseme hivi. Na kweli, hakuna mandhari ya kushindana na jua linapozama upande wa Kongo. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa au mto. Kuna NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ofisi zake ziko hapahapa Kigoma. Huwezi kumwaga zege halafu ukaomba radhi.

Na ziwa lenyewe lina tabia zake. Linapokea Ruzizi, linapokea Malagarasi na vijito visivyohesabika, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kalemie. Mvua zikizidi, maji yanapanda na hayana haraka ya kushuka. Kuanzia 2020 tuliona wenyewe: mialo ililowa, nyumba za kandokando ziliingiwa na maji, na ng'ambo huko Uvira na Bujumbura vilio vilikuwa vilevile. Mzee mmoja mvuvi wa Katonga aliniambia, "Ziwa halivamii, linarudi kwake." Kwa hiyo ufukweni panda miti, weka mabenchi ya mbao yanayohamishika, njia ya changarawe. Ukumbi na choo vijengwe kule juu.

"Ikishazinduliwa imekwisha"

Ruzuku ya maendeleo hujenga. Haimwagilii. Tuseme bustani ndogo ina mlinzi mmoja na fundi bustani mmoja, kila mmoja shilingi 200,000 kwa mwezi. Hiyo ni 4,800,000 kwa mwaka. Ongeza maji ya kiangazi, Mei hadi Septemba, tuseme 100,000 kwa mwezi, jumla inafika 5,300,000. Ukipangisha vibanda sita kwa 30,000 kila kimoja, na vyote vikalipa, jambo ambalo sijawahi kuliona, unapata 2,160,000. Bado 3,140,000, na hiyo itoke mapato ya ndani kila mwaka, iwe mwaka wa uchaguzi au la.

Wasipoitenga, mnajua kinachofuata. Ukoka unakuwa rangi ya karatasi ya mkate. Bembea inabaki na mnyororo mmoja. Koki ya bomba inang'olewa, na mtu mwenye huruma anaziba tundu kwa gunzi la muhindi.

Kwenye fomu ya kuombea mradi kuna kipengele cha uendelevu. Wengi huandika "jamii itashirikishwa" na kugeuza ukurasa. Mwaka wangu wa mwisho kazini, kijana mmoja wa idara aliniletea fomu yenye maneno hayohayo, nikamrudishia. Akauliza, "Sasa niandike nini, mzee wangu?" Nikamwambia aandike nani atashika mpira wa maji mwezi wa nane. Alikaa nayo siku tatu. Aliporudi alikuwa ameandika jina la kikundi cha kina mama wanaouza miche jirani na eneo lile, zamu zao za wiki, na chini kabisa, kwa penseli, bei ya mpira wa mita hamsini.