Maumivu yanayozimwa na mazoea

Mweke panya ndani ya kisanduku, mpige shoti za umeme miguuni, kisha kesho yake mrudishe mlemle bila kumgusa. Ataganda kwa hofu. Sasa mwelekezee mkia wake joto kali: atachelewa kuuondoa kuliko panya asiyekijua kisanduku hicho. Hakuchomwa dawa yoyote. Kisanduku ndicho kilichomtia ganzi.

Huko ndiko kutuliza maumivu kwa kujifunza: ubongo umeshajua kwamba ishara fulani hufuatwa na jambo fulani, basi ishara ikijitokeza tu, maumivu yanapunguzwa kabla hayajafika.

Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hupitia vipokezi vya opioidi (kemikali za jamii ya mofini, dawa kali ya maumivu itokanayo na kasumba), yaani protini zilizo kwenye seli za neva, ambazo mofini hujishikiza kwazo. Viligunduliwa mwaka 1973, na swali likazuka papo hapo: ubongo una kufuli la kasumba la nini? Miaka miwili baadaye, watafiti Hughes na Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, wakauonyesha ufunguo wenyewe, enkefalini, opioidi ambayo mwili hujitengenezea.

Ndani ya ubongo safari huanzia amigdala, penye kumbukumbu ya hofu, ikafika eneo la kijivu lililo katikati ya shina la ubongo. Hapo ndipo pananivutia zaidi. Opioidi haizisukumi neva za kuzuia maumivu. Inazinyamazisha zile zinazozikandamiza. Zikishaachiwa, amri inateremka hadi uti wa mgongo, na taarifa ya maumivu inadhoofishwa palepale inapoingilia.

Ushahidi ni naloksoni, dawa inayoviziba vipokezi hivyo. Panya akipewa hiyo kabla ya kurudishwa kisandukuni, mkia unaondoka upesi kama kawaida, ingawa hofu yake iko palepale. Kwa binadamu, mwaka 1978 Levine, Gordon na Fields waliwapa wagonjwa waliong'olewa magego dawa bandia, yaani isiyo na kitu chochote cha kutibu ndani yake. Waliopata nafuu, naloksoni iliwarudishia maumivu.

Wengine husema hayo yote ni imani tu ya mgonjwa. Si hivyo. Mwaka 1999 Amanzio na Benedetti waliwazoesha watu mofini huku mkono umebanwa hadi ukauma, kisha wakawachoma maji ya chumvi badala ya mofini. Hata walioambiwa kwamba sindano hiyo ni antibayotiki maumivu yalipungua, na naloksoni ikaifuta nafuu hiyo.

Ila waliozoeshwa ketorolaki, dawa ya maumivu isiyo ya jamii ya opioidi, wakaambiwa vilevile kuwa ni antibayotiki, walipata nafuu ambayo naloksoni haikuigusa. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba nafuu ya namna hii huzimwa na dawa inayoziba vipokezi vingine kabisa, vile vinavyoitikia bangi. Kumbe ubongo hurudia njia ya dawa iliyoufunza.