"Lakini Bodi Inawaka": Dhana Potofu Kuhusu Kerneli na Umeme wa Vifaa

Kazi yangu hapa Nairobi ni kuandaa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa, kwa bodi za wateja: vifaa vya kufuatilia pikipiki za umeme, meta za maji, vipima joto vya vyumba baridi vya mboga na maua. Karibu kila anayeleta malalamiko ya betri huanza na maneno haya: "Lakini bodi inawaka, na kila kitu kinafanya kazi." Nimechoka kuyasikia, kwa hiyo nayajibu kwa urefu.

Dhana: Bodi ikiwaka na vifaa vyote vikaitika, mti wa vifaa (device tree, faili inayoieleza kerneli bodi ina vifaa gani na vimeunganishwa vipi) umeandikwa sawasawa.

Si kweli. Kifaa cha USB au PCI hujitambulisha kikiulizwa. Kihisi kilicho kwenye nyaya za I2C au SPI, zinazounganisha chipu ndani ya bodi, hakijitambulishi, na kerneli haina njia ya kujua kinalishwa na regyuleta (kidhibiti volti) ipi, kinategemea kloki (mapigo yanayoendesha saketi) ipi, wala kimo katika eneo lipi la umeme, yaani sehemu inayowashwa na kuzimwa kwa pamoja. Inajua ulichoandika, basi. Usipoandika, bodi inaweza kuwaka vizuri kwa sababu tu programu ya kuwashia (bootloader) iliacha reli, yaani njia za kulisha vifaa, zikiwa na umeme. Tena draiva (programu inayoendesha kifaa fulani) ikiomba regyuleta isiyotajwa, kerneli huipa ya bandia. Draiva inaamini imewasha umeme, kumbe hakuna kilichowashwa. Kwenye logi unabaki mstari mmoja wenye maneno "dummy regulator", na watu wanaupita kama hawajauona.

Chukua bodi ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara. Kihisi joto na kipokezi cha GPS vinalishwa na reli moja ya volti 3.3. Aliyeandika maelezo alitaja reli hiyo kwa kihisi, akaisahau kwa GPS. Kerneli inahesabu mtumiaji mmoja. Kihisi kikilala, hesabu inafika sifuri, reli inakatwa na GPS inazimika pikipiki ikiwa barabarani. Ni kama ploti yenye meta moja ya stima ambayo keateka ana jina la mpangaji mmoja tu daftarini: huyo akitoka asubuhi, swichi kuu inazimwa na jirani anabaki gizani. Mteja anailaumu GPS, anaenda Luthuli Avenue kununua nyingine, na hiyo mpya inazimika vilevile.

Halafu anatokea mtu wa kumshauri aweke `regulator-always-on`, mstari unaoiambia kerneli isiizime reli kamwe. GPS inapona. Kesho yake ameiweka kwenye modemu, keshokutwa kwenye kila reli, na sasa kifaa kilichopaswa kulala usiku kucha kinamaliza betri pikipiki ikiwa imeegeshwa. Mstari huo una mahali pake, kwa mfano reli ya RAM. Kuutapakaza bodi nzima ni kuikataza kerneli isizime chochote. Dawa ya kesi ile ni mstari mmoja wa `vcc-supply` kwenye maelezo ya GPS, ilimradi draiva yake inausoma. Hapo watumiaji wanakuwa wawili, na reli haikatwi mpaka wote wawili waiachie.

Kwa kloki ni hadithi ileile: mtu anaongeza `clk_ignore_unused` (agizo la kuacha wazi kloki zisizo na mtumiaji) wakati wa kuwasha, bodi inatulia, anaipeleka sokoni hivyo. Jamani, hicho ni chombo cha kutafutia kosa. Kosa lenyewe bado liko pale.

Kabla hujanipigia simu, fungua `/sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary`. Utaona kila reli na wanaoitumia. Ikiwa mchoro wa saketi unaonyesha vifaa vitatu kwenye reli na hapo kimejitokeza kimoja, tatizo umelipata bila kunilipa. Kwa kloki angalia `clk_summary`, na kwa maeneo ya umeme `pm_genpd_summary`.

Dhana: Shusha masafa (kasi ya mapigo) ya prosesa, betri itadumu.

Huo ni ukweli nusu. Nguvu zinazotumika saketi zikibadili hali hufuata masafa mara mraba wa volti. Ukishusha masafa peke yake, kazi inachelewa kuisha, nishati ya kila hatua inabaki karibu ileile, na umeme unaovuja unavuja kwa muda mrefu zaidi. Faida iko kwenye volti: kutoka 1.2 hadi 0.9, nishati ya kila hatua inapungua kwa takriban asilimia 44. Ndiyo sababu jedwali la OPP (viwango vya kazi vya prosesa) huandika masafa pamoja na volti yake. Kupanda, volti hutangulia. Kushuka, masafa hutangulia. Ukikosea mpangilio huo chipu inaweza kuganda. Na kama kasi fulani inadai eneo la umeme liwe kwenye ngazi fulani, andika dai hilo kwa `required-opps`, kwa maana eneo hufuata dai la juu kuliko yote.

Dhana: Vifaa huwaka kwa mpangilio wa mistari kwenye faili.

Hapana. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012, draiva inaweza kuahirishwa mpaka inachokitegemea kiwe tayari. Na tangu toleo la 5.13 la 2021, kerneli husoma utegemezi kwenye mti wa vifaa na kuunda viungo yenyewe bila kuombwa. Acha kuhamisha mistari juu na chini. Andika utegemezi.

Dhana: Chipu ni ileile, nakili faili ya bodi nyingine.

Faili ya chipu, nakili. Ya bodi, usithubutu, kwa kuwa reli hupangwa na aliyechora bodi. Pini za volti 1.8 zikilishwa 3.3 kwa sababu ya namba uliyonakili, chipu hiyo huenda usiione tena ikifanya kazi. Fungua ukurasa wa umeme kwenye mchoro wa bodi yako mwenyewe, anzia kwenye betri, na uandike reli moja baada ya nyingine.